Bei Zashuka kwa Nusu

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele, kuzidi hata zile ambazo wasikilizaji hukuomba uwasomee. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula kwa wakati, na kile kikohozi ulichokipata kwenye baridi ya studio kimekuacha. Huku kwetu hali ni shwari. Mvua imenyesha vya kutosha, paa la chumba cha nyuma limezibwa, na paka amezaa tena. Shemeji yako amewapa watoto wote jina moja ili asisumbuke kukumbuka nani ni nani. Mguu wa shangazi bado unauma, lakini mdomo wake hauumi, kwa hiyo habari za watu tunazipata zote. Fundi viatu wa pale kona anakusalimu sana. Anasema taarifa ya habari ikisomwa na mtu mwingine, yeye huona kama nchi imekosa habari siku hiyo.

Shangazi anauliza pia utaoa lini. Nilimwambia umeshaoa kipaza sauti. Akasema kipaza sauti hakizai. Hilo utamjibu mwenyewe, mimi simo.

Nisamehe kwa kukuzungusha na salamu. Simu zimekatwa mji mzima, wewe utakuwa umeambiwa ni matengenezo ya mitambo, na dereva wa lori la vitunguu anayekuletea barua hii ameniambia kuwa askari wa vizuizini siku hizi hufungua kila bahasha. Ila hawasomi zaidi ya ukurasa wa kwanza. Wakishakutana na paka na mguu wa shangazi hupiga miayo wakairudisha. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza nimewaandikia wao. Huu ni wako. Usiiweke mfukoni ukasema utaisoma baadaye. Isome sasa, umesimama hapo hapo, na usiruke hata mstari. Nakujua kwa kuruka. Jambo linalokuhusu liko chini, na nimeliweka chini makusudi, maana nikilitanguliza utanichukia kabla hujanielewa.

Hali si shwari, mdogo wangu. Haijawa shwari tangu asubuhi ile uliposoma habari za uchumi.

Unalijua duka letu lilivyo asubuhi. Watu huja mapema, si kwa sababu wana fedha, ni kwa sababu wanataka kujua bei imeamkaje. Siku hizi tunauza sukari kwa kijiko na mafuta ya kupikia kwa kifuniko cha chupa. Mtu mzima, mwenye kazi yake, anasimama mbele yangu na kuomba nusu mche wa sabuni, na mimi namkatia nikijifanya sikuona aibu yake. Nyinyi huko mnatangaza kwamba uchumi umekua. Shemeji yako husema labda umekua kweli, ila unalelewa na watu wengine, maana hapa hatujawahi kuuona hata ukipita.

Hata hivyo redio hatukuiacha. Iko juu ya kaunta, kando ya mizani, na unakumbuka amri ya shemeji yako: muhtasari wa habari ukianza, hapimiwi mtu kitu. Watu walikwishazoea. Walikuwa wakicheka wakisema Taratibu kapata sababu nyingine ya kuchelewa. Jina hilo la Taratibu wamempa wao na yeye hulijibu kwa raha, kwa sababu ni kweli, hata kijiko cha sukari hukimimina kama anamlisha mgonjwa. Asubuhi ile duka lilijaa. Ukaingia wewe na sauti yako ile nzito ambayo mimi bado naicheka, ukasema: “Bei za vyakula zashuka kwa nusu. Serikali yasema mwelekeo wa uchumi ni mzuri kuelekea uchaguzi.” Ukasema na habari ya mkutano wa marais, na ya mpira. Kisha umeme ukakatika.

Ndiyo, ukakatika. Mtaa mzima, mji mzima. Kichwa cha habari tulikipata, mwili ukabaki huko huko kwenu. Lakini nani alijali? Watu walishangilia mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Na mimi, usiniulize kwa nini, nilipiga kigelegele. Nilikuwa nimevimba kichwa. Mtoto niliyemwogesha na kumfundisha kusoma kwa maandishi ya pakiti za sabuni ndiye aliyeileta habari njema ya kwanza nchini baada ya miaka mingi ya shida.

Wa kwanza kuweka fedha juu ya kaunta alikuwa fundi cherehani, yule mama aliyekushonea sare ya shule. Akaomba unga, akaweka nusu ya bei ya jana, tena akaiweka kwa adabu, akisubiri apimiwe. Shemeji yako akazitazama zile fedha. Akasema hajaletewa bei mpya, ngoja aende ghalani kwa Bwana Jumla akaulize, maana unga wote wa mtaa huu hutoka kwake, na kama Jumla ameshusha basi na yeye atashusha. Hakuna aliyekasirika. Walisema haya, Taratibu, lakini leo jitahidi ukimbie.

Alivuka barabara. Nusu ya mji ilikuwa imekwishafika mbele ya ghala na milango imefungwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu, naona kila kitu. Mwalimu wa hesabu wa shule ya pale juu alikuwa amepanda kwenye nguzo ya lango anajaribu kuwaeleza watu. Alisema bila shaka serikali imekusudia kusema mfumuko wa bei, na mfumuko si bei yenyewe, ni mwendo wa bei. Alisema gari lililokuwa likienda mbio limepunguza mwendo, lakini bado linakwenda mbele, halijarudi nyuma. Alieleza vizuri, mdogo wangu, mimi mwenyewe nilimwelewa. Mtu mmoja akamwuliza amelipwa na nani. Mwingine akasema mtangazaji kasema bei, hakusema gari. Mwalimu alipofungua mdomo ajibu, akapigwa kwa kufuli la mlango. Alianguka akiwa ameshika kinywa kwa mikono yote miwili, na damu ikawa inamtoka kati ya vidole.

Hapo Bwana Jumla akafungua mlango. Alidhani atazungumza na watu aliowazoea. Akapanda juu ya magunia, na kwa kuwa siku zote alikuwa mtu wa utani, akawaambia kwamba kama bei imeshukia redioni, basi waende wakanunue redioni.

Siku nyingine wangecheka. Siku ile walimshika mguu wakamvuta chini, na kichwa chake kikagonga sakafu kwa mlio ambao mimi niliusikia ng’ambo ya barabara. Walimpiga kwa vyuma vya mizani yake mwenyewe, vile vizito vya kupimia magunia, wakipokezana. Alikuwa analia akiwaita kwa majina, kwa sababu wote alikuwa anawajua. Nadhani kule kuitwa majina ndiko kulikowatia wazimu. Mtu mmoja akapasua gunia kwa kisu, wengine wakalinyanyua, wakalimwagia usoni pake. Wakapasua la pili. Niliona miguu yake ikipigapiga sakafu, unga ukiruka, kisha miguu ikaacha. Na yule fundi cherehani, mama wa watu, mpole, alikuwa amepiga magoti kando ya kichwa cha marehemu anachota unga kwa upindo wa gauni lake, akichagua ule ambao haukuingia damu.

Shemeji yako alirudi mbio. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anakimbia, na nilipoona hivyo nikajua tumekwisha.

Aliyewaongoza kuja kwetu ni mwuza nyama, jirani yetu, ambaye huniita shemeji kila anapopita. Baadaye nilielewa. Bucha lake ndilo lililofuata baada ya ghala, naye aliona njia ya kulinusuru ni kuwatangulia watu kwenda kwingine. Alikuja na aproni yake ya kazini, akanibeba juu juu kama mzoga, akanisimamisha kwenye kaunta. Akapaza sauti kwamba huyu hapa ni dada yake mtangazaji, tumbo moja, tumwulize yeye. Kisha akaniuliza mbele ya watu wote: ndugu yako asubuhi amesema kweli au amesema uongo?

Nilimtazama shemeji yako. Alinitikisia kichwa kidogo, akinionya ninyamaze. Lakini wewe ningekufanyaje? Ningesema mtoto niliyemlea ni mwongo, mbele ya mtaa mzima, juu ya kaunta ambayo wewe ulifanyia hesabu zako za shule? Nilisema ndugu yangu hasemi uongo. Nilisema kwa sauti kubwa, ili na wa nyuma wasikie.

Basi nilikuwa nimeuza duka kwa sentensi moja. Walisema kama ndugu yako hasemi uongo, mwongo ni mumeo. Shemeji yako alijaribu kufunga mlango wa ndani, ule wa stoo. Mwuza nyama akachukua komeo la chuma, akamlaza mkono wa kulia ukingoni mwa kaunta kama anavyolaza mguu wa ng’ombe, akaupiga. Nilisikia mfupa. Akaupiga tena palepale. Nilimrukia mgongoni, nikamng’ata sikio mpaka nikaonja damu, nikatupwa kwenye rafu. Kilichofuata ni patashika, kila mtu na lake. Walichukua unga, sukari, sabuni, mizani, hata kalenda ya ukutani. Waliondoka na redio. Mama mmoja aliyekuwa mteja wetu wa kila siku aliniwekea nusu ya bei mkononi, akanikunja vidole, akaniambia ahsante. Hakuwa akinidhihaki. Aliamini kabisa amenunua.

Askari walifika kabla ya saa sita. Hawakuuliza neno. Walipiga risasi kutoka mwisho wa barabara, na watu waliokuwa wameelekeza migongo kwao ndio walioanguka, maana kila mmoja alikuwa ametoka mguu niponye. Fundi cherehani hakuachia upindo wa gauni lake. Mtu akiachia unga hukimbia vizuri, lakini yeye hakuachia. Alipigwa mgongoni akaanguka kizingitini petu, na unga ule aliouchagua kwa makini ukamwagika chini yake ukalowa.

Kisha wakaingia nyumba hadi nyumba, wakitafuta waporaji. Alama yao ilikuwa ni unga. Yeyote aliyekutwa na weupe mikononi, nguoni, kwenye nywele, alitolewa nje. Lakini mtaa mzima ulikuwa mweupe, mdogo wangu! Hata waliokuwa wamejifungia ndani unga uliwafuata kwa upepo. Waliwalaza wanaume barabarani kifudifudi wakatembea juu yao na mabuti, wakiruka kutoka mgongo hadi mgongo kama watoto wanaovuka dimbwi. Fundi viatu wako huyu aliyekusalimu alivunjwa mbavu. Mwuza nyama alisimama mlangoni mwa bucha lake, aproni imejaa damu kifuani, mikono imejaa damu, na hakuna askari aliyemwuliza kitu. Hakuwa na unga. Na damu kwa mwuza nyama ni kazi.

Mchana umeme ukarudi. Tulikuwa tumekaa chini, mimi nimefunga mkono wa shemeji yako kwa ubao wa sanduku la sabuni, na mwalimu wa hesabu yuko nasi, kinywa kimefungwa kitambaa, kwa sababu aliogopa kwenda kwake. Mara nikasikia sauti yako ukutani. Ilitoka nyumba ya jirani. Ilikuwa redio yetu. Niliijua kwa ule mkwaruzo wake kila unapotamka herufi s. Ukasema kuwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akificha bidhaa ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na kwamba hali sasa ni shwari. Fundi cherehani hukumtaja. Kisha ukarudia habari ya uchumi, safari hii kwa ukamilifu: mfumuko wa bei umeshuka kwa nusu. Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka na kinywa chake kile kisicho na meno ya mbele mpaka kitambaa kikaloa damu upya, na mimi nikamwomba kwa jina la mama yake anyamaze.

Sijui ni nani aliyelikata neno mfumuko asubuhi ile. Wewe mwenyewe ulinieleza zamani kwamba muhtasari lazima uwe mfupi, kwamba kichwa cha habari ni kama mlango, mtu apite asijigonge. Huenda ulikata wewe ili upate pumzi. Huenda aliyekuandikia ndiye aliyekata. Nimeshaacha kuuliza. Mtu akiona neno moja limetoka na watu wangapi, huchoka kuuliza.

Jioni ile ile walimchukua shemeji yako. Walisema wenye maduka ndio waliosababisha yote kwa kukataa bei iliyotangazwa, na hilo lina jina, ni uhujumu uchumi. Walimfunga pingu kwenye mkono ule ule uliovunjika. Nilimwona anavyojikaza kisabuni mpaka jasho likawa linadondoka kidevuni.

Kituoni walinikubalia kumpelekea maji. Mahabusu walikuwa wamejazana, wamesimama, hakuna pa kukaa, na waliomo humo ni wenye maduka pamoja na wale waliowapora. Chumba kimoja! Nilipofika mara ya kwanza alinitania kwamba amekuwa bidhaa adimu. Mara ya pili mkono ulikuwa umevimba hadi begani, ngozi imebadilika rangi, na walio karibu naye walikuwa wamegeuza nyuso kwa harufu. Muuguzi wa kituo cha afya aliyekuja kuwatazama askari waliojeruhiwa alimwona kwa mbali tu. Akaninong’oneza kwamba nyama imeanza kufa, na kwamba kama hatapelekwa hospitali upesi kitakachokufa si mkono peke yake.

Ndipo nikaitwa na yule ofisa. Sijui cheo chake. Alikuwa na sauti ndogo, ndogo mno, hata nililazimika kuinama ili nimsikie. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Akanieleza kwa upole kwamba huko mji mkuu wanahitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Waziri hawezi kuwa amekosea, kwa sababu takwimu zake ni sahihi. Wa umeme hawawezi kuwa wamekosea, kwa sababu ni ndugu wa mkubwa fulani. Wananchi nao hawawezi kuwa wamekosea, kwa sababu uchaguzi uko mlangoni na kura ni zao. Umebaki mdomo uliosoma. Akasema hataki nitunge chochote, yeye ni mtu wa haki. Anataka tu nikumbuke kama uliwahi kusema jambo baya kuhusu serikali, ili ijulikane kuwa lile neno halikupotea kwa bahati mbaya.

Nilimwambia ndugu yangu hana maneno hayo. Akasema sawa, niende nikafikirie.

Nilikwenda nikasimama kwenye nondo za mahabusu. Shemeji yako hakunijua. Alikuwa amesimama ameegemea watu, macho ameyafumba nusu, na mkono wake mzima ulikuwa unapima sukari hewani. Alikuwa anachota, anamimina polepole, anagonga kijiko, anachota tena. Kisha akaniuliza, mimi mkewe, nipimie kiasi gani, mama?

Nilirudi kwa ofisa.

Sasa hapa ulipofika, vuta pumzi. Unakumbuka ulipokuja mara ya mwisho, tulipokuwa tunakula, shemeji yako akakutania kwamba kazi yako ni kusoma walichoandika wengine? Ukaweka kijiko chini ukasema: siku moja nitasoma taarifa moja tu, na serikali nzima itaanguka kitini. Tulicheka mpaka shangazi akapaliwa. Hayo ndiyo niliyomwambia. Sikuyatunga, ni maneno yako kweli, na ndiyo maana yana uzito. Nilimpa bila kicheko chetu, na bila kicheko yanasomeka vibaya. Aliyaandika kwa mwandiko mzuri, akanigeuzia karatasi, nami nikatia sahihi. Hakunipiga wala hakunitisha. Nimekuuza, mdogo wangu, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Walimtoa ndani ya saa hiyo hiyo. Hospitali wamemkata mkono juu ya kiwiko. Ataishi. Ananiuliza imekuwaje wakamwachia, namwambia waliona huruma, na ananiamini, kwa sababu kila mtu katika nyumba hii ana ugonjwa wa kuamini. Ukiniuliza kama ningefanya tena, nitakujibu ndiyo, kisha nitakuja kukupigia magoti. Yote mawili ni kweli, na sijui yanawezaje kukaa katika kifua kimoja, lakini yamekaa, na yananiuma usiku na mchana.

Sikiliza sasa. Karatasi yao inakuja huko kwa gari la serikali, na barua yangu inakuja kwa lori la vitunguu. Gari la serikali lina mwendo kuliko lori, ila litasubiri sahihi ya mkuu wa wilaya, ambaye hayupo, amekwenda kwenye mkutano wa kampeni. Hiyo ndiyo nafasi pekee niliyokuachia. Usirudi studio kuchukua koti. Usiage mtu. Usiende kwa rafiki yako wa siku zote, kwa maana jina lake nalo waliniuliza. Dereva ameegesha upande wa sokoni na anarudi na lori tupu kwa njia ya mpakani. Mwambie wewe ni wa Taratibu, atakuelewa. Ni mtu aliyekuwa anapimiwa vizuri dukani kwetu na hajasahau. Akikwambia ulale chini ya magunia, lala. Na usizungumze, tafadhali. Sauti yako inajulikana nchi nzima.

Shemeji yako anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Usimwone hana adabu, ndio uliobaki. Shangazi naye anakusalimu, hajui lolote, bado anasubiri harusi. Mimi sina salamu ninayostahili kukupa, kwa hiyo nakupa ile tuliyokuwa tukipeana ukienda shule: nenda, usigeuke nyuma, nipo mlangoni nakutazama.

Redio yetu bado iko kwa jirani. Huifungulia sauti kubwa kila asubuhi, wala haoni haya. Miaka yote nimeamka nikusikie wewe. Kesho nitasimama ukutani, sikio nimelibandika, na kwa mara ya kwanza naomba taarifa ya habari isomwe na mtu mwingine.

Ni mimi,
dada yako.